Redio Kaseti ya Zamani Kutoka Nje: Kuirudisha Ilivyokuwa, Kuiongezea, au Kubakiza Kasha?

Redio kaseti kubwa ya miaka ya 1970 au 1980 ikishuka leo kutoka kwenye kontena la mtumba, au ikitolewa juu ya kabati la marehemu babu, mwenye nayo hupewa ushauri wa aina tatu. Fundi mmoja atamwambia abadilishe mikanda ya mpira inayozungusha deki ya kaseti, asafishe, aiache kama ilivyotoka kiwandani. Wa pili atamwambia deki aitengeneze, ila aongeze Bluetooth na betri ya kuchaji. Wa tatu atamwambia ya ndani yote yamechoka: toa kila kitu, bakiza kasha na spika, weka bodi mpya yenye amplifaya na flashi. Wote watatu wana hoja, na kila njia ina redio inayoistahili. Lakini wengi huishia kufuata ushauri wa fundi aliye karibu na nyumbani, kabla hawajajua redio yao ni ya namna gani na wao wenyewe wanaitakia nini.

Hapa ninazipima njia hizo tatu kwa vipimo vilevile. Ninazungumzia redio zenye spika mbili, mkono wa kubebea na deki ya kaseti: National Panasonic, Sharp, Sanyo, JVC, Sony, Hitachi, Philips na wenzao. Nitazitazama zaidi zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, maana ndizo zinazowasumbua watu zikifika huku.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni utakachosikiliza. Mwenye boksi la kanda za taarabu, za mawaidha au za bendi za zamani hayuko sawa na mtu ambaye muziki wake wote umo kwenye simu. Cha pili ni umeme: utatumia wa ukutani, mawe (betri kavu), au sola? Cha tatu ni FM, kwa sababu redio ya Japani haipokei stesheni zetu nyingi. Cha nne ni vipuri na fundi: kazi hiyo inawezekana ulipo, na kifaa kikifa tena utakipata wapi? Cha tano husahaulika, nami nakiweka juu kuliko vingine: ukibadili mawazo mwakani, utaweza kuirudisha redio ilivyokuwa?

Bei sikuiweka kama kipimo cha peke yake kwa sababu inafuata hayo mengine. Mikanda ya mpira ni rahisi kuliko bodi mpya, lakini saa za fundi wa deki ni nyingi kuliko za fundi wa kupachika bodi. Anayedhani kutengeneza ilivyokuwa ni bei chee kwa sababu vipuri ni vidogo hajahesabu mikono.

Kabla ya kuchagua: umeme na FM

Haya mawili yanaihusu kila redio iliyotoka nje, uifanyie lolote.

Geuza redio usome bamba la nyuma. Ikiandikwa AC 100V 50/60Hz, ni ya soko la Japani. Ikiandikwa AC 120V 60Hz, ni ya Marekani. Ikiwa na kiswichi cha kuchagua 110, 127, 220 au 240, ilitengenezwa kuuzwa nchi nyingi, nawe una kazi moja tu: hakikisha kiswichi kimekaa kwenye 220 au 240 kabla hujachomeka.

Redio ya volti 100 ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240, transfoma yake hupata zaidi ya mara mbili ya inachostahili. Ukibahatika, fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya transfoma hukatika. Usipobahatika, volti zilizopanda hupita mpaka kwenye amplifaya na kuua aisii (chipu yake). Redio nyingi zinazouzwa kama "mbovu, za vipuri" zilikufa namna hii siku ya kwanza ya kuwasili, wala hazikuwa na ubovu mwingine.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni transfoma ya nje ya kushusha volti, 230 kuwa 100. Soma wati kwenye bamba la redio, kisha nunua transfoma yenye uwezo wa mara mbili ya hizo. Iwe transfoma ya kweli, nzito, yenye chuma na koili. Vile vikibadilishi vyepesi vya wasafiri vimetengenezwa kwa pasi na vikausha nywele, na redio haviifai kabisa. Tiba ya pili ni kuachana na umeme wa ukutani ndani ya redio na kuilisha kwa DC. Hesabu mawe inayokula: mawe makubwa 6 ni volti 9, manane ni volti 12, kumi ni volti 15. Adapta ya volti hizo, yenye ampea za kutosha, inaingia kwenye tundu la DC bila kufungua skrubu hata moja. Ila pima kwanza kwa mita au soma mchoro ulio kando ya tundu, kwa sababu kwenye redio nyingi za Kijapani za enzi ile ncha ya katikati ndiyo hasi, kinyume na adapta nyingi za leo.

Kuhusu Hz 50 na 60, usihangaike sana. Mota ya deki inatumia DC, kwa hiyo kasi ya kanda haibadiliki. Redio ya Kimarekani transfoma yake itapata joto kidogo zaidi kwenye 50. Ya Kijapani imezoea zote mbili, maana nchini kwao mashariki hutumia 50 na magharibi 60.

Tuje kwenye FM. Japani ilipanga FM yake kati ya MHz 76 na 90. Huku kwetu ni 87.5 hadi 108. Wenye magari yaliyoagizwa Japani wanalijua tatizo hili vizuri: stesheni zinazosikika ni zile chache zilizo chini ya 90, zilizobaki hazipo kabisa. Nairobi, kwa mfano, Capital FM iko 98.4 na Radio Citizen 106.7; redio ya Kijapani haizifikii.

Kabla hujatoa hela, tazama kioo cha stesheni kwa makini. Redio nyingi za Kijapani za miaka ile zilikuwa pia na sauti ya televisheni, na karibu na namba za FM pameandikwa TV 1, 2, 3. Chaneli hizo tatu za televisheni zilikuwa kati ya MHz 90 na 108. Maana yake redio yenye alama hiyo inapokea hadi 108 bila kuguswa, na stesheni zetu utazikuta palepale palipoandikwa TV. Kwa mnunuzi wa mtumba, alama hiyo ndogo ina thamani kuliko taa na sindano zote zilizo mbele.

Isipokuwa nayo, kuna kile kikopo kidogo kinachofungwa kwenye eriali ya magari ya Japani ili kushusha masafa. Kinakula volti 12, na ndani ya redio kubwa nafasi ipo. Kina mipaka yake: redio ina upana wa MHz 14 tu, na masafa yetu yana upana wa zaidi ya 20, kwa hiyo utapata sehemu, hutapata yote. Kikopo kinachoshusha kwa MHz 20 kitaiweka 98.4 kwenye alama ya 78.4, na 106.7 kwenye 86.7, lakini stesheni za chini ya 96 utazikosa. Orodhesha kwanza stesheni unazozipenda, ndipo uchague kikopo. Njia nyingine ni fundi kugusa koili za kitafuta stesheni zenyewe, kuzipanua na kurekebisha trima (viskrubu vya kupangia masafa). Matokeo ni mazuri kwa mkono wenye uzoefu, ila asiyejua akishika koili hizo redio inaweza kunyamaza moja kwa moja.

Njia ya kwanza: kuirudisha ilivyokuwa

*Kazi yenyewe.* Redio nyingi zinazofika zikiwa "deki haizunguki" ugonjwa wake ni mikanda ya mpira. Baada ya miaka 40 mpira hulegea, au huyeyuka ukawa kama lami nyeusi inayogandia magurudumu. Lami hiyo husafishwa kwa spiriti safi na pamba, taratibu, mpaka gurudumu ling'ae. Ikibaki hata kidogo, mkanda mpya utateleza. Usipime mkanda wa zamani kwa sababu umeshatanuka. Zungusha uzi kwenye njia ya mkanda, pima urefu, punguza kati ya asilimia 5 na 10. Na tafadhali, tusitumie zile rababendi za ofisini. Zinavutika bila usawa, sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeimba huku anatetemeka, na baada ya muda mfupi zinakatika.

Baada ya mikanda, rola ya mpira inayoibana kanda kwenye mhimili. Ikiwa ngumu na inang'aa kama kioo, ndiyo inayokula kanda. Kisha hedi (kichwa kinachosoma kanda) isafishwe, na kile kiskrubu cha pembeni ya hedi kirekebishwe kwa sikio mpaka sauti nyembamba zifunguke. Kasi ya kanda ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Mota nyingi zina tundu dogo nyuma la kuingiza bisibisi ya kurekebishia. Cheza wimbo wa kaseti unaoujua, ulinganishe na huohuo kwenye simu, na utajua kama mota inakimbia au inachelewa.

Kuna ubovu mmoja unaowafanya watu wabadilishe amplifaya bure: chaneli moja (spika ya upande mmoja) haisemi, au redio inapiga kelele kali ukibonyeza PLAY. Mara nyingi ni ile swichi ndefu ya kuteleza iliyo kwenye bodi, inayobadili kati ya kurekodi na kucheza. Imeota kutu. Ipulizie dawa ya kusafishia swichi, isogeze mbele na nyuma mara nyingi, na mara nyingi chaneli inarudi. Vitufe vya sauti vinavyokwaruza vinataka dawa hiyohiyo, siyo mafuta ya kulainishia bawaba.

Kapasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) sipendekezi kubadilisha zote kwa pamoja. Zilizovimba au kuvuja zitoke, pamoja na ile kubwa ya kwenye umeme ikiwa redio inavuma. Kung'oa mia moja ili kuwa na uhakika kunaongeza nafasi ya kuvunja njia za shaba kwenye bodi ya zamani. Vyuma vya mawe vilivyoliwa na betri za alkalini husafishwa kwa siki au limau, kisha vikafutwa kwa spiriti na kukaushwa.

*Sauti.* Sauti itakuwa ile iliyokusudiwa. Hizi redio zina kasha kubwa na spika za karatasi nyepesi, na wati zao za kweli ni chache kuliko zinazoandikwa mbele. Hazina kishindo cha sabufa, lakini sauti ya mwimbaji inasimama wazi katikati ya chumba, na kwa taarabu na dansi hicho ndicho ninachokitafuta mimi.

*Umeme na FM.* Kama tulivyoona: transfoma ya nje au adapta, na FM itategemea alama ya TV 1 hadi 3. Ukitumia mawe, manane au kumi kwa mkupuo ni mzigo kwa anayesikiliza kila siku.

*Vipuri na fundi.* Mikanda hupatikana kwa seti zenye saizi mchanganyiko. Rola nazo hupatikana. Meno ya plastiki yaliyovunjika ndiyo shida, na mara nyingi tiba ni kununua redio nyingine mbovu ya namba ileile. Aisii za amplifaya zinazoanza kwa TA, HA, LA au AN bado zinazunguka madukani, Kariakoo na Luthuli Avenue, ila bandia ni nyingi. Iliyochomolewa kwenye redio ya zamani huwa na uhakika zaidi. Fundi wa deki lazima awe mvumilivu, na waliojifunza kazi hii enzi za kaseti wamezeeka.

*Kurudi nyuma.* Hakuna kilichoharibiwa. Kesho unaweza kuingia njia ya pili bila hasara.

*Inamfaa nani.* Mwenye kanda. Na hapa nasisitiza: kwenye nyumba nyingi kuna kaseti zenye sauti ambayo haipo popote duniani, harusi ya mwaka fulani, bibi akisimulia, mzee akitoa wosia. Deki nzuri yenye tundu la LINE OUT (la kutolea sauti) itakuwezesha kuzihamishia kwenye kompyuta. Njia hii inamfaa pia mwenye redio inayotafutwa na wakusanyaji, kama Sharp GF-777 au JVC RC-M90, ambazo thamani yake iko katika uasili wake.

Njia ya pili: kuiongezea

*Kazi yenyewe.* Deki na redio vinabaki na kutengenezwa kama juu, kisha kinaongezwa chanzo kipya cha sauti na, kwa wengi, betri.

Anza kwa kuangalia kama unahitaji kufungua. Redio nyingi kubwa zina tundu la kuingizia sauti, LINE IN au AUX. Waya mmoja kutoka kwenye simu unatosha. Za Ulaya, kama Philips, huwa na tundu la duara la pini tano, na waya wake unatengenezeka. Ukikuta limeandikwa PHONO, jihadhari: huenda lilikusudiwa sindano ya santuri yenye sauti ndogo sana, na simu italifanya likorome. Kama matundu hayapo, kuna kaseti bandia yenye waya, au yenye Bluetooth ndani, inayoingia kwenye deki kama kaseti ya kawaida. Inataka deki inayozunguka tu. Na kwa redio ya Kijapani ya 76 hadi 90 kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: kile kirusha FM cha kwenye gari. Kinaanzia 87.5, redio inaishia 90, kwa hiyo wanakutana katikati. Kiweke kwenye masafa matupu karibu na 89, na redio inacheza simu yako bila skrubu kufunguliwa.

Ukiamua kufungua, kibodi kidogo cha Bluetooth cha volti 5 kinakaa popote. Sauti yake huingizwa kwenye waya za LINE IN kwa ndani, au, kama hakuna, kwenye mguu wa juu wa kitufe cha sauti kupitia rezista ya kilo-omu 10 kwa kila chaneli. Volti 5 hutoka kwenye kibodi cha kushusha kilichounganishwa na umeme wa redio. Kosa linalojitokeza hapa ni mluzi: sauti nyembamba inayosikika nyimbo zikinyamaza, inayobadilika simu inapowasiliana. Chanzo ni Bluetooth na amplifaya kutumia hasi moja. Watu hulaumu Bluetooth na kununua nyingine, mluzi unabaki. Dawa ni kibodi cha kutenganisha umeme, mafundi hukijua kwa namba B0505S, kati ya volti 5 na Bluetooth. Mdai fundi wako akiweke tangu mwanzo.

*Sauti.* Bado ni amplifaya na spika za zamani, ikipitisha muziki mpya. Muziki wa leo umerekodiwa kwa sauti kubwa na besi nyingi; punguza besi, usifungue sauti mpaka mwisho, karatasi za spika zitakaa miaka.

*Umeme na FM.* Hapa ndipo njia hii inapong'aa. Redio ya volti 12 inapatana na lithiamu-ioni za seli 3, ambazo zikijaa ni volti 12.6, au na betri ya lithiamu ya fosfeti ya seli 4 yenye volti 12.8. Ya volti 15 inapatana na lithiamu-ioni za seli 4: kawaida 14.8, zikijaa 16.8, karibu sawa na mawe kumi mapya. Zote ziwe na bodi ya ulinzi, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Betri ya asidi ya volti 12 kama ya pikipiki nayo inafanya kazi, ila iwe nje ya kasha. Wa sola naomba wanisikie: paneli inayoitwa "ya volti 12" ikiwa juani bila mzigo inatoa volti 20 na zaidi. Ikipelekwa moja kwa moja kwenye redio, bila kidhibiti chaji na betri katikati, aisii haitachelewa kufa. FM inaweza kubaki ilivyo, kwa sababu stesheni nyingi zinapatikana kwenye simu kupitia intaneti. Kwa asiye na bando, kikopo cha kushusha masafa kinapata volti 12 zake humuhumu.

*Vipuri na fundi.* Vibodi ni vingi na vya bei ndogo. Fundi wa simu aliye makini anaweza kazi ya Bluetooth kuliko fundi wa redio asiyependa vitu vidogo. Deki ni sharti ipate fundi wake.

*Kurudi nyuma.* Inawezekana, kwa sharti moja: pasitobolewe tundu jipya. Tumia tundu la maikrofoni ya nje au la rimoti ambalo hulihitaji, au ingiza chaja kupitia mlango wa mawe. Nyaya zisikatwe, ziungwe juu ya zilizopo, na fundi akuchoree alipogusa.

*Inamfaa nani.* Anayesikiliza kanda siku moja na simu siku sita. Mwenye duka, saluni au banda la kahawa anayetaka kitu kinachocheza kutwa umeme ukikatika.

Njia ya tatu: kubakiza kasha

*Kazi yenyewe.* Bodi zote, deki na transfoma vinatoka. Inaingia amplifaya mpya, moduli ya Bluetooth, flashi na FM, na betri mahali pa mawe au pa transfoma. Kazi ngumu kuliko inavyoonekana ni ya useremala: kuficha tundu la deki, kufungia moduli ili isitikisike, kuziba nafasi ili kasha lisitetemeke. Kioo cha stesheni kinabaki pambo isipokuwa kimewekewa taa.

*Sauti.* Inaweza kuwa kubwa zaidi. Bodi yenye aisii ya TPA3116 kwa volti 12 hutoa takriban wati 15 kwa kila chaneli kwenye spika za omu 4. Spika za zamani nyingi hazikutengenezwa kubeba hizo kwa muda mrefu, kwa hiyo uchague: kuwa na kiasi, au kubadilisha na spika. Ukibadilisha spika pia, kilichobaki cha zamani ni sura. Moduli za bei ndogo nazo huvuma na kutoa "pu" zinapowashwa.

*Umeme na FM.* Tatizo la volti 100 linaisha kabisa, na la FM pia, kwa sababu moduli inapokea 87.5 hadi 108. Kwa matumizi ya kila siku huku kwetu hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Masafa ya AM na mawimbi mafupi yanapotea; ukijaribu kuyabakiza, amplifaya za aina hii huyajaza kelele.

*Vipuri na fundi.* Ikifa, unabadilisha bodi nzima kwa nusu saa. Fundi yeyote anayetengeneza sabufa anaiweza.

*Kurudi nyuma.* Kwa hali ya kawaida, hapana. Na kuna jambo linaloniuma hapa. Deki nzuri za aina ile hazitengenezwi tena; redio mpya zenye kaseti zinazouzwa sasa hutumia mashine nyepesi ya namna moja ambayo haikaribii zile za wakati ule. Kwa hiyo usitupe ulichotoa. Deki, rola, vitufe, hata bodi nzima vifunge kwenye mfuko, viandike namba ya redio, vipe fundi wa njia ya kwanza. Kuna redio mahali inasubiri jino moja la plastiki.

*Inamfaa nani.* Mwenye redio ambayo tayari imekufa: transfoma imeungua pamoja na amplifaya, bodi imeliwa na maji ya betri, deki haina meno, au chumvi ya pwani imeshakula kila kiungo.

Kwa hali yako

Una kanda za familia ambazo hazijahamishwa: njia ya kwanza, na anza na deki kabla ya kingine chochote. Usijaribu deki kwa kanda ya bibi. Tumia kaseti usiyoijali mpaka uhakikishe haili.

Redio ni ya volti 100, inafanya kazi kila kitu, ina alama ya TV 1 hadi 3: nunua transfoma ya kushusha au adapta ya DC, uishie hapo. Haihitaji fundi.

Redio ni nzima, lakini FM inaishia 90 na muziki wako uko kwenye simu: jaribu kirusha FM au kaseti yenye Bluetooth kwa wiki kadhaa. Ukiona unaitumia kweli, ndipo uingie njia ya pili kwa ukamilifu. Wengi hugundua kwamba hayo ya mwanzo yalitosha.

Uko kijijini kwenye sola: njia ya pili kama deki ni hai, ya tatu kama imekufa. Katika zote mbili bajeti ianze na kidhibiti chaji na betri, halafu redio.

Unataka kitu cha kupiga muziki kwenye hafla: hakuna kati ya njia hizi inayokufaa sana. Hela ya njia ya tatu pamoja na spika mpya itakupatia sabufa nzuri, na redio ya babu ikabaki salama.

Unanunua sasa hivi, bado uko mbele ya muuzaji: soma bamba la volti, tazama kama kuna TV 1 hadi 3, fungua mlango wa mawe uangalie kutu, bonyeza PLAY bila kaseti uone kama kuna kinachozunguka ndani. Ukisikia mota inalia lakini magurudumu hayaendi, ni mikanda tu, na bei unaweza kuishusha. Ukinusa harufu ya kuungua karibu na waya wa umeme, hesabu kwamba transfoma imekwenda. Bado inafaa, kwa DC, mradi bei iwe ya kasha.